Kanuni Isiyokataa Kitu Si Kanuni

Leo nina ugomvi. Ugomvi wenyewe ni na hizi warsha za kutunga "kanuni za usanifu" ambazo kila kampuni ya programu hapa Nairobi siku hizi inajidai imefanya.

Unazijua. Timu inapakiwa kwenye matatu hadi hotelini Naivasha. Kila mtu anapewa vikaratasi vya rangi vya kubandika na kuambiwa aandike maneno yanayomgusa moyo. Chai ya saa nne, mandazi, kubandika, kupiga makofi. Jioni yanapatikana maneno matano: Urahisi. Uaminifu. Ubunifu. Kasi. Mteja Kwanza. Yanachapishwa kwa rangi ya kampuni na kutundikwa ukutani. Jumatatu watu wanarudi kazini kugombana vile vile walivyogombana Ijumaa.

Naomba kuuliza: ni kampuni gani itakayosema "sisi tunapenda programu ngumu na wateja baadaye"? Hakuna. Basi kama hakuna mtu mwenye akili anayeweza kulipinga neno lako, hilo neno halijaamua lolote. Kuchagua kizuri badala ya kibaya hakuhitaji warsha. Kazi ya kanuni ni kuamua pale vitu viwili, vyote vizuri, vinapogongana.

Tazama waliofanya kazi hiyo vizuri. Februari 2001 waundaji programu 17 walikutana Snowbird, Utah, wakatoka na tamko la Agile. Lina ulinganisho wa mambo manne manne: hiki tunakithamini kuliko kile. Tena wakakiri wazi kwamba kile cha pili nacho kina thamani! Mwaka 2007, rasimu ya W3C ya kanuni za usanifu wa HTML ilipanga foleni: mambo yakigongana, mtumiaji hutangulia mwandishi wa kurasa, mwandishi hutangulia mtengeneza kivinjari, na usafi wa nadharia huja mwisho kabisa. Mwaka 2012 kitengo cha dijitali cha serikali ya Uingereza kilitoa kanuni kumi, na mojawapo inasema fanya machache. Hiyo inauma, kwa sababu kuna ofisi itakayoambiwa mradi wake haujengwi.

Sasa tuje nyumbani. Unatengeneza huduma ya kutuma pesa kwa USSD. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 182 tu. Mteja wako ni mama wa sokoni mwenye mulika mwizi. Swali: kabla pesa haijatoka, tumwonyeshe jina la mpokeaji kwenye skrini ya ziada, au tupunguze hatua amalize haraka? Nenda ukutani ukaulize. "Kasi" inasema ondoa skrini. "Uaminifu" unasema iweke. Ukuta umenyamaza. Atakayeshinda ni mwenye sauti kubwa au mwenye cheo, na pesa ikienda kwa nambari isiyo yake, hasara inambeba yule mama ambaye hakualikwa Naivasha.

Hivi ndivyo ninavyoziendesha mimi, kwa nusu siku, ofisini, bila hoteli:

1. Kila mtu aje na ugomvi mmoja wa kweli wa miezi mitatu iliyopita. Asilete neno tamu. Alete uamuzi uliotugawanya.

2. Anayepokea simu za wateja lazima awepo, na azungumze wa kwanza. Bosi azungumze wa mwisho, la sivyo wengine watakuwa wanatafsiri uso wake.

3. Kila kanuni iwe na "hata kama" ndani yake. Mfano: "Tunathibitisha jina kabla pesa haijatoka, hata kama ni kubonyeza mara moja zaidi." Bei ya kanuni imeandikwa papo hapo.

4. Ijaribu. Chukua skrini tatu ambazo hazijaamuliwa, gawa timu makundi mawili katika vyumba tofauti, kila kundi litumie kanuni zile zile. Wakirudi na majibu tofauti, kanuni imelegea. Iandike upya.

5. Zisizidi tano. Ya sita hakuna atakayeikumbuka.

Najua jibu la wakubwa: "Lakini warsha ni ya kuleta umoja, wewe unaleta vita." Jamani, vita vipo tayari. Vinapiganwa saa sita usiku kabla ya kutoa toleo jipya, watu wakiwa wamechoka, na anayeshindwa anabaki na kinyongo. Mimi nasema tuvipigane mchana, mezani, tukiwa tumeshiba. Umoja wa kukubaliana juu ya neno "Ubunifu" ni umoja wa picha ya pamoja tu.

Wengine watasema tunakili za Waingereza, mbona ni nzuri? Ni nzuri kweli. Lakini ukizinakili, utakuwa umeruka ule mjadala uliowafanya wao wazielewe, na hazitajua lolote kuhusu herufi 182 zako.

Kwa hiyo kesho ukifika kazini, simama mbele ya lile bango. Soma kanuni ya kwanza, umuulize mwenzako: hii mara ya mwisho ilitukataza kufanya nini? Akikosa jibu, shusha bango. Ukuta unaweza kubeba kalenda.