Chuo kikuu kidogo kisikuwe ukuta: mwenzetu asitolewe siku ya mtihani

Vijana wenzetu wa Beni, Butembo, Oicha na Lubero,

Hapa kwetu elimu ya juu haikuletwa na serikali peke yake. Graben ya Butembo, iliyofunguliwa mwaka 1989, ni ya Kanisa Katoliki. Lukanga ni ya Waadventista. UCBC ya Beni, yenye kufundisha kwa Kifaransa na Kiingereza, ilianza mwaka 2007 chini ya uongozi wa David Kasali. Hata kwenye vyuo vya serikali, mwanafunzi njo analipa minervali. Maana yake ni nini? Mwenye kubeba chuo kikuu kwa mgongo ni papa mwenye shamba la kakao, na mama mwenye kuuza unga ya muhogo sokoni.

Sasa angalia mzazi huyo anaishi namna gani. Tangu Oktoba 2014 raia wanachinjwa katika eneo la Beni. Mbau, Eringeti, Mayi-Moya, Kamango: wengine wanasikia majina hayo kwenye redio tu, lakini kwetu sisi njo mashamba ya wazazi. Mtu akishindwa kufika shambani, kakao inavunwa na mwenye bunduki, ama inaoza kwenye mti. Kisha miezi michache, kiti kimoja darasani kinabaki tupu. Watu wanasema: “Yule aliacha masomo.” Hapana. Hakuacha. Alikatiwa njia.

Ju ya hiyo tunataka kusema wazi juu ya maisha ya wanafunzi katika vyuo vyetu vidogo.

Udogo wa chuo si aibu. Kwenye chuo kikubwa unaweza kumaliza miaka mitatu na mwalimu hajui jina lako. Hapa mwalimu anakujua, anamjua dada yako, na ukikosa siku mbili mtu anauliza: “Yule iko wapi?” Pale UCBC kuna pia kawaida ya kazi: mwanafunzi anasoma, na anatumika pia kwa mikono. Kuna wenye kucheka: “Nimelipa pesa yangu, na jembe tena?” Sisi tunaona tofauti. Nchi hii imeshiba watu wenye diploma ambao hawajawahi kushika fagio, na njo hao wanaketi ofisini wakingoja raia awape kitu ndipo wapige muhuri. Mtu aliyefagia darasa pamoja na mtoto wa tajiri na mtoto wa mkimbizi, kesho akiwa mkubwa atapata shida kumdharau raia.

Vyuo hivi, viwe vya Wakatoliki, vya Waprotestanti, vya Waadventista, ama vya Walutheri kama Makumira kule Tanzania, vyote vinapenda kusema neno moja: “Sisi ni jamaa moja.” Neno zuri. Lakini jamaa inajulikana siku ya shida, na kwetu shida inakuja siku ya mtihani.

Sote tunajua vile inapita. Orodha inabandikwa mlangoni. Asiyemaliza kulipa anatoka. Wengine wanaingia, wanaketi, wanaandika. Jana mlikula maharagi kwenye sahani moja, mlisoma kwa mwanga wa simu moja. Leo yeye iko chini ya mti na wewe iko ndani, na hakuna anayesema kitu. Hiyo ni jamaa gani?

Tusidanganyane: chuo nacho kina shida. Walimu wanahitaji mshahara, mafuta ya jenereta inauzwa, na chuo cha binafsi hakiwezi kungoja Kinshasa. Hatuombi masomo ya bure kwa maneno matupu. Tunaomba akili itumike. Mwanafunzi kutoka sehemu ya vita aruhusiwe kuandika mtihani kwanza, halafu diploma njo ibaki kwa chuo mpaka deni liishe. Deni linaweza kulipwa, lakini mwaka uliopotea haurudi. Tarehe za kulipa zifuate mavuno, maana kakao haijui kalenda ya ofisi. Na pale kuna kazi ya mikono, saa za ziada zihesabiwe kama pesa: maktaba, bustani, usafi, ujenzi. Wanafunzi nasi tusikae tukingoja. Mama zetu wanacheza likelemba na wamesomesha watoto kwa hiyo. Darasa la watu 30, kila mmoja akitoa franga 1,000 kwa juma, kwa mwezi ni zaidi ya franga 100,000. Haitamaliza shida ya wote, lakini inaweza kusukuma mwenzetu mmoja hadi kwenye sesioni.

Kuna jambo lingine. Chuo kidogo kinaweza kuwa kitamu ndani hadi kinasahau nje. Ukumbuke Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina, na hadi Juni 2020 watu zaidi ya 2,200 walikufa. Katikati ya kilio hicho, Desemba 2018, uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo hadi Machi 2019, nchi nyingine ikipiga kura. Hasira ikaingia ndani ya ugonjwa, na watu wengi wakasema Ebola ni biashara ya siasa. Tarehe 19 Aprili 2019, daktari Richard Mouzoko kutoka Kameruni, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa ndani ya hospitali ya chuo kikuu pale Butembo. Ukuta wa chuo haukumkinga.

Hapo kuna somo. Uongo ulikuwa unatembea kwa Kinande na kwa Kiswahili, sokoni na kwenye motari, na elimu ilikuwa imeketi darasani kwa Kifaransa. Mwanafunzi ni mtoto wa mtaa. Mama wa jirani atamsikiliza yeye mbele ya mgeni mwenye kushuka kwenye gari la vioo vyeusi. Kama elimu yako haiwezi kusemwa kwa lugha ya bibi yako, bado haujaielewa vizuri.

Leo kazi ingine iko mlangoni. Tangu Goma ianguke mikononi mwa M23, Januari 2025, wanafunzi waliokimbia wako kati yetu. Wengine walikuja bila karatasi hata moja. Tusiwaite wageni. Chuo kitafute njia ya kuwapima na kuwaingiza. Sisi wengine tusogee kidogo kitandani. Wenye nyumba wasipandishe kodi ya chumba ju ya machozi ya wengine.

Na kwa serikali: hali ya dharura iko hapa tangu tarehe 6 Mei 2021. Mzazi wa Beni haombi msaada wa kusomesha mtoto wake. Anaomba kitu kimoja: aende shambani asubuhi na arudi mangaribi akiwa na kichwa chake. Fungueni njia ya shamba, minervali atalipa mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, juma hili fanya mambo matatu. Uliza ni nani katika darasa lako haonekani tena, na umutafute. Ongea na wenzako muanze mfuko wenu, hata kama ni mdogo. Na comité yenu ipeleke kwa rekta ombi lililoandikwa, lenye saini za wote: hakuna mwenzetu atakayetolewa mtihani ju shamba la wazazi wake limekamatwa na vita.

Msiende kwa rekta watu wawili. Nendeni darasa nzima.