Tusingoje Soko Lituchagulie Dawa

Ugonjwa wa malale, uenezwao na mbung'o, umetupa funzo tusilopaswa kulisahau.

Eflonithini ilianza kuchunguzwa kama dawa ya saratani. Baadaye ilionekana kuwa huangamiza vijidudu vya malale ya Afrika Magharibi na Kati, na mwaka 1990 Marekani ikaiidhinisha kwa kazi hiyo. Ilikuwa neema kubwa, kwani melasoproli, dawa ya sindano yenye aseniki, ilikuwa ikiua wagonjwa wapatao 5 katika kila 100.

Lakini wagonjwa wa malale ni wanavijiji wasio na fedha. Katikati ya miaka ya 1990 utengenezaji ukasimamishwa. Mwaka 2000 dawa ile ile ikaingia madukani Marekani, safari hii ikiwa krimu ya kupunguza nywele za usoni kwa wanawake! Ndipo Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Duniani walipopaza sauti, na mwaka 2001 kampuni yenye dawa hiyo ikakubali kuwapa wagonjwa dawa bure.

Mfanyabiashara hutafuta faida, na hiyo ndiyo kazi yake. Hataza, yaani haki ya kuuza peke yake kwa muda, humlipa mwenye dawa mpya. Dawa kuukuu, inayoweza kutengenezwa na kiwanda chochote, haimrudishii mtu gharama ya kuijaribu kwa ugonjwa mwingine. Basi gharama hiyo ni ya umma.

Nayo huzaa matunda. Mwaka 2020 majaribio yaliyogharimiwa na serikali ya Uingereza yalionyesha kuwa deksamethasoni, dawa rahisi ya miaka mingi, hupunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa wa Korona walio kwenye mashine za kupumulia. Majaribio hayo hayo yalibaini kuwa haidroksiklorokwini, iliyokimbiliwa na wengi, haiwafai wagonjwa waliolazwa. Kwa hiyo tusimeze dawa kwa uvumi; tudai zipimwe.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 2001 huko Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Serikali zetu za Afrika Mashariki na zitimize ahadi hiyo, kisha zitoe humo fungu la kujaribu dawa za zamani kwa maradhi yanayotuua. Atakayethibitisha tiba atuzwe na umma, matokeo yatangazwe wazi, na bei ibaki ya chini. Bajeti ijayo itakaposomwa, kila mmoja wetu amwulize mbunge wake: fungu hilo liko wapi?