Amri ya Maafa Ianzie Kijijini

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya Tanzania ya mwaka 2022 imeweka kamati tangu taifa hadi kijiji, nao ni utaratibu wa hekima. Lakini sisi wa Mwimbi, wilayani Kalambo, mvua ikikata barabara ya Matai, tutaokolewa kwanza na kamati iliyo karibu nasi, ambayo aghalabu ndiyo isiyo na nyenzo.

Kwa mfano, Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani na watu 43, waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. 24 wakaokoka, 19 wakafariki. Ushujaa ule wastahili sifa daima, walakini ushujaa usio na mafunzo wala amiri si tegemeo la umma.

Basi nasaha yangu kwa wakuu wa Kalambo ni hii: kila kijiji kipewe kamba, machela, tochi na dawa, na daftari la wazee na wagonjwa wasioweza kukimbia, na atajwe mapema mtu mmoja wa kushika amri mpaka wakubwa wawasili, kisha awakabidhi hadharani, kwani manahodha wengi chombo huenda mrama. Bajeti ijayo ya halmashauri ianzie hapo.