Mikate 6 kwa Watu 10

Nilipokuwa mtoto nilipata kumwona sheikh mmoja mzee akigawa mirathi barazani, warithi wamekaa kimya juu ya jamvi, na mbele yake hamna kalamu wala daftari ila kokwa 24 za tende. Marehemu aliacha mke, mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja. Sheikh akasogeza kokwa 3 upande wa mjane, kwani ndiyo thumni yake. Kisha 21 zilizosalia akazitenga, 14 kwa kijana na 7 kwa dada yake, na hapo nyuso zilizokuwa zimekunjamana zikakunjuka, maana kila mmoja alikwisha kuiona haki yake kwa macho.

Miaka ikapita, nikaja kujua kwamba Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra mjini Baghdad katika karne ya 9, zama za Khalifa al-Ma'mun, alitumia karibu nusu ya kitabu hicho kueleza masuala ya wasia na mirathi. Aljebra ile ile iliyotutoa jasho darasani, tukidhani ni mateso yaliyobuniwa kwa ajili yetu, ilikuwa jamaa wa karibu wa zile kokwa za tende, na hapana mwalimu aliyetuambia.

Lakini katibu wa Misri aitwaye Ahmes alimtangulia Al-Khwarizmi kwa zaidi ya miaka 2,000. Yapata mwaka 1550 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa alinakili juu ya mafunjo, kutoka andiko la kale zaidi, masuala ambayo leo yamehifadhiwa British Museum, London. Na mojawapo lauliza namna ya kugawa mikate 6 kwa watu 10. Mwanafunzi wetu atajibu mara moja, sifuri nukta sita, naye atakuwa amesema kweli. Ila mpe kisu akate kwa hesabu hiyo, utaona watu 6 wakipata kila mmoja kipande kimoja kikubwa, na 4 wa mwisho wakiungiwa vipande viwili viwili vya masalio, na ugomvi hauko mbali. Jawabu la Ahmes ni nusu na sehemu moja ya kumi.

Wala Misri haikuwa peke yake: Wababeli nao, waliohesabu kwa sitini sitini, ndio asili ya dakika 60 za saa zetu. Wahindi wakaipa sifuri kanuni zake, na jina lake likatufikia kwa Kiarabu, pamoja na sita, saba na tisa, yakaketi na moja, mbili na tatu za Kibantu kama watoto wa nyumba moja.

Tangu 2019 UNESCO imeiweka tarehe 14 Machi kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati. Mimi ningependa siku hiyo, kabla ya mashindano na zawadi, iletwe darasani mikate 6 na waitwe watoto 10, waachwe wabishane hata wachoke; kisha mikate 5 ikatwe nusu nusu, wa 6 ukatwe vipande 10, kila mtoto ashike nusu yake na kipande chake, sawasawa na cha mwenziwe, na hapo ndipo watajiwe jina la Ahmes.