Shule ndogo zipewe daraja lao katika mpira wa kikapu

Tangu mwaka 2025 Burundi ina mikoa 5 badala ya 18, na tarafa 42 badala ya 119. Mengi yamesemwa kuhusu ofisi, stakabadhi na kodi. Lipo jambo jingine linalowagusa wazazi wengi ambao siku zao hupita njiani kati ya Gatumba, Kobero na Kigoma, nalo ni mashindano ya michezo ya shule wanazosoma watoto wao.

Mkoa mpya wa Bujumbura umechukua jiji lenyewe, Bujumbura vijijini, Bubanza na Cibitoke. Mashindano ya shule yakifuata mipaka hiyo, shule ya milimani huko Mabayi yenye wanafunzi 200 itakutana mapema na shule ya mjini yenye wanafunzi 1,500. Wapo wanaosema hiyo si hoja, kwa kuwa kikapu kinahitaji watu 5 tu uwanjani. Ni kweli, lakini timu kamili ina wachezaji 12. Hao 5 huchoka, na mwenye faulo 5 hutoka. Shule yenye wavulana 90 ina vijana warefu wangapi wa kuwaingiza?

Hasara yake si kikombe peke yake. Makocha wa klabu za mjini na wa shule zinazotoa ufadhili wa masomo hutazama robo fainali. Mechi za mwanzo hawazifuatilii. Binti wa Rugombo aliyetolewa siku ya kwanza kwa tofauti ya pointi 60 haonwi na mtu, hata kama yeye ndiye aliyekuwa bora uwanjani.

Mfanyabiashara wa mpakani anaielewa hoja hii bila kuelezwa sana. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu rahisi wa biashara kwa mzigo usiozidi dola 2,000, kwa bidhaa za nchi wanachama zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, ukiwa na cheti chake rahisi cha uasili. Ilikubalika kwamba mama mwenye magunia matatu ya mchele asisumbuliwe kwa karatasi zilezile za mwenye kontena. Forodha ni moja, ila ukubwa wa mzigo unatazamwa.

Marekani wanafanya hivyo katika michezo ya shule: wanahesabu wanafunzi, kisha wanagawa madaraja. Jimbo la Indiana lilikataa kwa muda mrefu. Kuanzia 1911 hadi 1997 lilikuwa na bingwa mmoja wa kikapu cha wavulana, na mwaka 1954 shule ya Milan yenye wanafunzi 161 iliifunga Muncie Central, iliyoizidi kwa zaidi ya mara kumi, pointi 32 kwa 30. Hadithi hiyo inasimuliwa mpaka leo, na inasimuliwa kwa sababu haikuwa kawaida. Msimu wa 1997–98 Indiana ikagawa shule zake katika madaraja 4. Wazee walinung'unika, watazamaji wakapungua, lakini shule ndogo zikapata fainali zao. Kentucky, jirani yake, bado ina bingwa mmoja na inajivunia hilo.

Ugumu uko kwenye hesabu yenyewe. Katika nchi zetu idadi ya wanafunzi ni fedha. Kenya hutenga ruzuku ya shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na mwaka 2025 serikali ililazimika kuhakiki upya idadi hizo kwa sababu ya wanafunzi hewa. Mwalimu mkuu anayetaka ruzuku atapenda idadi iwe kubwa; siku ya kupanga madaraja ya michezo atapenda iwe ndogo. Asiruhusiwe kuwa na vitabu viwili. Idadi iliyopelekwa wizarani ndiyo itumike uwanjani, na wavulana wahesabiwe mbali na wasichana, maana shule yenye wanafunzi 600 inaweza kuwa na wasichana 150 tu.

Tena idadi hubadilika haraka, hasa mpakani. Mwaka 2025 maelfu ya Wakongo walivuka mto Rusizi wakikimbia vita, wengi wakapokewa kwenye uwanja wa michezo wa Rugombo. Shule za upande huo haziwezi kupangwa kwa hesabu ya miaka mitano iliyopita. Texas hupanga upya madaraja yake kila baada ya miaka 2, na muda huo unatosha hapa pia.

Idadi nayo haisemi kila kitu. Shule ya serikali inaweza kuwa na wanafunzi 1,500 na mpira mmoja uliochakaa, huku shule ya binafsi ya bweni yenye wanafunzi 400 ikiwa na kocha, uwanja wa saruji na vijana waliochaguliwa kutoka kila pembe. Illinois ililiona hilo, ikaamua kuzidisha idadi ya shule zisizofungwa na mipaka ya eneo kwa 1.65. Kwa kipimo hicho shule ya watu 400 inahesabiwa kuwa ya 660. Huenda kwa Bujumbura kiwango hicho kikawa kidogo.

Tanzania ina njia nyingine. Katika UMISSETA mikoa hupeleka timu zilizokusanya wachezaji wa shule mbalimbali, hivyo kijana wa shule ndogo ya Kasulu anaweza kuvaa jezi ya mkoa wa Kigoma. Njia hiyo inamfaa mchezaji mmoja mwenye kipaji. Wenzake kumi na mmoja wanabaki nyumbani.

Mashindano ya FEASSSA, ambayo Bujumbura iliyapokea mwaka 2012, yabaki wazi kwa mabingwa wa kila nchi bila kuuliza shule ina watu wangapi. Madaraja yawekwe chini, kwenye tarafa na mkoa: mawili yanatosha kwa kuanzia, juu na chini ya wanafunzi 500 kwa mfano, na bingwa wa daraja dogo apate nafasi ya kukutana na wakubwa kwenye hatua ya taifa. Wizara inayo orodha ya wanafunzi wa kila shule. Iibandike ukutani kwenye ofisi za tarafa kabla ya mechi ya kwanza, wazazi waisome.