Usiulize tu "operesheni ni pesa ngapi?"

Ushawahi kuongezwa kwa grupu ya WhatsApp ya mchango saa tano usiku? Mimi niliongezwa mwaka jana. Waya, yaani dada ya baba yangu, anauza omena Homa Bay. Alikuwa amepatikana na saratani ya mfuko wa uzazi. Sisi vijana wa ukoo, wengine Migori, wengine Nairobi, tukauliza swali moja tu: operesheni ni pesa ngapi?

Hapo ndipo tulikosea.

Waya ana kilo zaidi ya 120. Tuliambiwa kuna njia mbili: mkato mrefu tumboni, ambao ni nafuu na unafanyika karibu, au matundu madogo na kamera, ambayo ni ghali na lazima asafiri. Tukachagua nafuu, tukapongezana. Kisha kidonda kikaingia usaha. Akarudi wodini. Dawa, bandeji, nauli ya kila wiki, na binti yake akafunga kibanda ili amuuguze. Tulipojumlisha, "nafuu" ilikuwa imepita ile ghali.

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kujumlisha najua. Mafuta ya mwili hayapati damu nyingi, kwa hivyo mkato mrefu kwa mtu mnene hupona polepole na huambukizwa haraka. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2009, wenye wagonjwa 2,616 wa saratani hiyo hiyo, ulionyesha kwamba asilimia 94 ya waliopasuliwa kwa mkato mrefu walilazwa zaidi ya siku mbili. Kwa waliopangiwa matundu madogo, ilikuwa asilimia 52.

Lakini wacha nikuambie ukweli wote. Katika utafiti huo huo, wenye BMI ya zaidi ya 40 (kwa mfano mama wa mita 1.60 na kilo 103), zaidi ya nusu walianza na matundu wakaishia kupasuliwa mkato mrefu. Hapo unaweza kulipia njia mbili kwa siku moja. Roboti husaidia kupunguza hilo, ila mashine yenyewe ni mamilioni ya pesa. Kwa hivyo sisemi matundu ndiyo jibu la kila mtu.

Ninachosema ni hiki: kabla hujatuma M-Pesa, muulize daktari. Kwa uzani wake, uwezekano wa kubadilisha njia katikati ni kiasi gani? Atalala wodini siku ngapi? Kidonda kikiharibika, nani analipa? SHA inalipa ngapi kwa kila njia? Halafu ongeza nauli na siku ambazo kibanda kitafungwa.

Na magavana wetu: tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima. Badala ya kila kaunti kununua mashine ya kupigia picha siku ya uzinduzi, Migori na Homa Bay zinaweza kusomesha timu moja ya wapasuaji na wauguzi, zigawane.

La mwisho, acheni kumcheka mama mnene. Waya alitokwa damu miezi minane, miaka mingi baada ya hedhi kukoma, akinyamaza kwa aibu ya kupanda mizani mbele ya watu. Kama angeenda mapema, pengine ile grupu ya usiku haingekuwepo. Wako ukimwona leo, mpigie simu.