Mafunzo ya Usonji Yawafikie Wazazi Mtaani

Mama wa Kibera au Kawangware anayemfungia ndani mtoto mwenye usonji ili aende kufua nguo Lang'ata au Lavington hulaumiwa upesi. Majirani hunong'ona kwamba mtoto amerogwa. Nasi walimu, ambao twapaswa kujua zaidi, humwambia ampeleke shule maalum. Ipi, na kwa nauli ya nani? Mimi simlaumu. Asipokwenda kibaruani hawali, na wanaolea watoto mtaani kwa malipo humkataa mtoto asiyesema na anayejigonga kichwa ukutani.

Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mafunzo kwa wazazi wa watoto wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo, walio na umri wa miaka 2 hadi 9. Ni vikao 9 vya pamoja na ziara 3 za nyumbani. Mzazi hufunzwa kumshirikisha mtoto katika michezo na kazi za kila siku, kutambua chanzo cha ghadhabu zake, na kujitunza yeye mwenyewe, jambo ambalo husahaulika mno. Yafaa ieleweke kwamba mkufunzi si lazima awe daktari.

Basi kwa nini asiwe mwalimu? Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtoto huyu haki ya elimu katika taasisi zilizojumuishwa na jamii. Naiomba Wizara ya Elimu iwalipie walimu wachache wa mitaa hii miwili wapate ujuzi huo, na madarasa yafunguliwe Jumapili alasiri. Wanafunzi wa vyuo vya ualimu nao wawaangalie watoto wakati wa vikao. Mzazi asiye na wa kumwachia mtoto hatahudhuria hata kimoja.